Shajara ya Lionel namba 1666 na kipande cha waya

Siku ya 1

Sanduku limefunguliwa. Nimepiga picha kila tabaka kabla ya kuinua chochote, maana mpangilio wa vitu ndani ya sanduku ni taarifa, na ukishavitoa taarifa hiyo imepotea. Kila kitu kilikuwa kimeviringishwa kwenye karatasi iliyokauka mpaka inamomonyoka ukiigusa.

Vilivyomo: kichwa cheusi cha treni ya kuchezea, cha kampuni ya Lionel ya Marekani, namba 1666, chenye magurudumu mawili madogo mbele, sita makubwa katikati na mawili madogo nyuma. Behewa lake la makaa, la bati. Behewa la wazi la njano, 2652. Behewa la tangi, 2654. Behewa jekundu la wahudumu, 2657, lile ambalo treni za mizigo za Marekani zilikuwa zikilifunga mkiani. Kisha behewa jingine la wazi, jeusi, lenye maandishi meupe ya PENNSYLVANIA, namba 2452. Vipande 12 vya reli, 8 vya kona na 4 vilivyonyooka. Transfoma ambayo waya wake umepasuka ngozi kila mahali. Chini kabisa, kwenye vumbi, kulikuwa na misumari ya kuungia reli na kipande cha waya kilichopindwa ncha zote mbili. Hivyo nimevitia kwenye kopo la takataka za mezani.

Ninachotaka ni hiki: treni itembee tena kwa mota yake, ikiwa na rangi yake ile ile, na kila nitakachoongeza kiweze kutambuliwa na mtu atakayeifungua baada yangu.

Siku ya 2

Leo sikushika bisibisi. Kazi ilikuwa ya macho na kioo cha kukuzia.

Namba 1666 ilikuwa kwenye katalogi za Lionel kuanzia 1938 hadi 1942, ikatoweka, ikarudi 1946 na 1947. Pengo hilo ni la vita. Katikati ya 1942 serikali ya Marekani ilisimamisha utengenezaji wa vinyago vya chuma, na Lionel ikageukia dira na vyombo vingine vya meli kwa ajili ya jeshi la wanamaji. Mwaka 1943 iliuza treni ya kadibodi, vipande zaidi ya 250 vya kuchomoa na kuunganisha kwa mkono. Huwa nawafikiria sana watoto waliopokea treni ile. Reli za karatasi, injini ya karatasi, na mwenzao wa nyumba ya pili ana ya chuma iliyonunuliwa mwaka mmoja kabla.

Kwa hiyo namba peke yake hainiambii kichwa hiki ni cha kabla ya vita au baada. Viungio ndivyo vinavyosema. Behewa la makaa, la njano, la tangi na jekundu yote yana kiungio cha aina moja, kijisanduku cha bati chenye ulimi ndani, ambacho Lionel ilikitumia kuanzia 1938 mpaka iliposimamisha treni kwa ajili ya vita. Behewa jeusi lina kiungio tofauti kabisa. Kimeumbwa kama ngumi iliyokunjwa nusu, mfano wa viungio vya treni kubwa za Marekani. Kiungio hicho kilianza na seti ya 463W, treni ya kwanza ya Lionel baada ya vita, mwaka 1945. Namba 2452 ilikuwamo kwenye seti hiyo na ikaendelea hadi 1947. Hata mwili wake ni wa plastiki, wakati mengine ni bati lililokunjwa.

Nimeyasogeza mawili hayo, la njano na jeusi, yakagusana vichwa. Hayashikani. Kijisanduku hakina pa kuingizia ngumi, na ngumi haina cha kukamata.

Mkusanyaji wa kawaida angeligawa sanduku hili hapo hapo: vitu vitano vya kabla ya vita upande huu, kimoja cha baada ya vita upande ule, kiuzwe au kibadilishwe. Wakusanyaji wa Marekani waliounda Train Collectors Association huko Yardley, Pennsylvania, mwaka 1954, wana kipimo cha hali ya treni cha alama 1 hadi 10, na thamani hupanda zaidi seti inapokuwa kamili kama ilivyotoka kiwandani. Naelewa kwa nini. Bila kanuni kama hizo soko lingejaa treni za kuungaunga. Ila silitenganishi sanduku hili kabla sijajua limekutanaje.

Siku ya 3

Nimekagua zinki. Kichwa kizima cha 1666 ni aloi ya zinki iliyomiminwa kwenye kalibu, na aloi hiyo ina ugonjwa wake. Zinki ikichanganyika na madini ya risasi kidogo tu wakati wa kuyeyushwa, chuma huanza kuliwa kwa ndani, kwenye mipaka ya chembechembe zake, polepole kwa miaka mingi. Kinavimba, kinapasuka, mwishowe kinabaki makombo. Kampuni ya New Jersey Zinc ilitoa mwaka 1929 aloi iliyotegemea zinki safi kwa asilimia 99.99, na ndiyo dawa. Lakini viwandani mabaki yalikuwa yakirudishwa chunguni, na kipande cha risasi kikidondokea humo hakuna aliyekiona.

Kichwa ni kizima. Nimepitisha kioo kila mshono, hakuna ufa. Gurudumu moja la behewa la tangi limeugua: lina nyufa kama tope lililokauka na limevimba hadi linasugua fremu. Hilo haliponi. Litabadilishwa.

Siku ya 5

Nimeosha reli na kupima. Milimita 32 kati ya reli za nje. Nilikuwa na kipande cha reli kipya kabisa, cha kampuni nyingine, kikalingana, na magurudumu ya 1666 yakakaa juu yake bila shida. Umri wao unapishana kwa zaidi ya nusu karne na bado wanaelewana.

Ulinganifu huo una mwanzo wake. Kampuni ya Märklin ilianzishwa 1859 Göppingen, Ujerumani, na fundi bati, na kwa miaka mingi ilijulikana kwa vyombo vya jikoni vya nyumba za wanasesere. Mtu akinunua jiko dogo leo, kesho atarudi kununua sufuria yake. Mwaka 1891, kwenye maonyesho ya Leipzig, Märklin ilileta wazo hilo hilo kwenye treni: reli za vipande zinazoungana, zenye vipimo vilivyopewa namba, pamoja na makutano na stesheni. Kabla ya hapo treni ya bati ilikuwa kitu kimoja kilichokamilika. Unaifunga ufunguo, inatembea sakafuni, imekwisha. Kuanzia hapo treni ikawa kitu kinachokua. Kipimo kidogo cha sifuri kilifuata, na kipimo hicho cha milimita 32 ndicho kilichopo mezani kwangu.

Lionel, iliyoanzishwa New York mwaka 1900 na Joshua Lionel Cowen, haikuingia kwenye mfumo huo moja kwa moja. Mwaka 1906 ilitoa reli yake ya milimita 54 na kuiita "Standard", yaani kipimo cha kawaida, ilhali hakuna mwingine aliyekuwa akiitumia wakati huo. Aliyenunua reli ile alilazimika kurudi kwa Cowen kwa kila behewa. Mwaka 1915 ndipo ilipoingia kwenye kipimo cha sifuri, ambacho Wamarekani huandika kwa herufi O.

Nimeandika neno "inayokua" kwenye ubao wa karakana. Sanduku la treni ya namna hii halina mwisho, kwa hiyo pengine behewa jeusi si kosa.

Siku ya 6

Mota.

Nimetoa skrubu, nikainua mwili wa kichwa, na kukutana na grisi ya rangi ya asali iliyokauka ikawa ngumu kama gundi. Gia hazikusogea hata kidogo. Kishawishi cha kwanza ni kusukuma gurudumu kwa nguvu mpaka liachie. Usifanye hivyo: magurudumu yamebanwa tu kwenye ekseli, na likiteleza mpangilio wa vyuma vya kuendeshea unaharibika. Nimeloweka gia kwa mafuta mepesi, nikaacha saa kadhaa, nikasugua kwa mswaki na kijiti cha mbao. Jioni zilizunguka.

Kisha sehemu ya umeme. Brashi mbili za kaboni zimelika lakini bado zina urefu wa kutosha, na springi zake zinasukuma. Sahani ya shaba ambayo brashi huisugua imegawanyika vipande vitatu, na mianya kati yake ilikuwa imejaa unga mweusi wa kaboni. Unga huo hupitisha umeme, hivyo mota inapoteza nguvu kwa kujiunganisha yenyewe. Nimeusafisha kwa ncha ya kijiti na pombe, na uso wa shaba kwa kifutio cha penseli. Situmii sufi ya chuma karibu na mota: nyuzi zake huvutwa na sumaku na huingia mahali ambapo hutazitoa tena.

Mota hii ni ya mkondo geu, na namna inavyogeuza mwelekeo ni jambo ninalolipenda kuliko yote katika treni za Kimarekani. Haina sumaku ya kudumu. Sehemu iliyosimama na sehemu inayozunguka zote ni sumaku za umeme zilizofungwa kwa mfuatano, kwa hiyo mkondo ukigeuka, zote mbili zinageuka pamoja na mzunguko unabaki ule ule. Badilisha nyaya kwenye transfoma upendavyo, treni itaendelea mbele. Ili irudi nyuma lazima ugeuze nyaya za sehemu moja tu, ndani ya treni yenyewe, ukiwa umekaa mbali nayo.

Siku ya 8

Jibu la tatizo hilo ni swichi ya mwelekeo, iliyosimama wima ndani ya kichwa cha 1666, ndogo kuliko kibiriti. Unapokata umeme na kuurudisha, koili inavuta kipini, kipini kinazungusha ngoma yenye mabaka ya shaba, na vidole vya shaba vinagusa mabaka mapya. Mbele, simama, nyuma, simama, halafu mbele tena.

Kampuni ya Ives ya Bridgeport, Connecticut, ndiyo iliyoleta mfuatano huo mwaka 1924. Ives ilitengeneza vinyago tangu 1868 na ilijivunia ubora wake. Mwaka 1928 ilifilisika. Lionel na American Flyer ziliichukua kwa pamoja, baadaye ikabaki kwa Lionel peke yake, na swichi ile ikaingia kwenye treni za Lionel kwa miongo iliyofuata. Nikiisikia ikigonga "tak" naikumbuka Ives, maana jina lilikufa na mlio ukabaki.

Yangu haikugonga. Ilinguruma tu. Kipini kilikuwa kimenata kwa mafuta ya zamani, na kidole kimoja kimepinda kikawa hakigusi ngoma. Mafuta hayatakiwi humo kabisa. Mtu fulani, kwa nia njema, aliyaweka. Nimesafisha kwa pombe, nikakirudisha kidole kwa ncha ya koleo dogo, nywele moja kwa wakati. Nilipoiwasha mara ya nne, ikagonga.

Nyaya za ndani zilikuwa na ngozi ya kitambaa. Mbili zimeoza, nimezibadilisha kwa waya mpya wenye kitambaa na kulehemu. Za zamani nimezitia kwenye bahasha yenye tarehe.

Siku ya 9

Transfoma ya sandukuni haitawashwa. Nimeiosha na kuiweka rafuni. Ngozi ya waya inadondoka kwa kuigusa, na umeme wa ukutani hauna msamaha. Treni itatumia transfoma mpya yenye kikata umeme.

Siku ya 12

Gurudumu la tangi limebadilishwa, ekseli na yote. Upande wa ndani wa gurudumu jipya, usioonekana treni ikisimama, nimekwaruza herufi N. Sehemu mpya inayofanana na ya zamani bila alama ni uongo unaosubiri mnunuzi.

Siku ya 13

Rangi. Hapa nimetumia siku nzima na nyingi yake ilikuwa kuamua.

Behewa la njano lina mikwaruzo, na ubavu mmoja rangi imetoka hadi bati limeonekana. Jekundu limefifia upande mmoja, dalili kwamba lilikaa miaka mingi karibu na dirisha. Kuna wanaovua rangi yote, wakapiga mpya kwa tanuri, wakabandika maandishi yaliyochapishwa upya, na kazi yao ni nzuri kweli kweli. Mimi sitaki. Rangi mpya itanionyesha behewa lilivyokuwa dukani, siku moja tu ya maisha yake. Iliyopo inaonyesha zilizobaki zote. Isitoshe rangi za wakati ule zilikuwa na risasi, na kuzipiga msasa ni kujitilia vumbi la sumu mapafuni.

Basi: maji ya uvuguvugu, tone la sabuni, kitambaa laini, glavu. Maandishi hayaguswi. Nilijaribu kwanza tumboni mwa behewa, mahali pasipoonekana. Kutu kwenye bati lililo wazi nimeifuta kwa mafuta mepesi na kuiacha hapo ilipofika.

Nilipofikia kiungio cha nyuma cha behewa la njano, kitambaa kilikwama. Kwenye mdomo wa kijisanduku kuna mistari miwili iliyong'aa, chuma kitupu, imesuguliwa mpaka imeacha mifereji. Viungio vya namna hii vikishikana vyenyewe kwa vyenyewe havisugui mahali hapo. Nimegeuza behewa jeusi: ngumi yake ina mfereji ule ule, mwembamba, upande wa ndani.

Nimekwenda kwenye kopo la takataka.

Siku ya 13, usiku

Kipande cha waya ni cha chuma, kimepindwa kwa koleo, meno yake yanaonekana chini ya kioo. Ncha moja imefanywa kulabu pana, nyingine kulabu nyembamba yenye mkia mrefu kuliko unavyotarajia. Kulabu pana inaingia kwenye mdomo wa kijisanduku na kukaa juu ya mistari ile miwili. Nyembamba inazunguka ngumi na kukaa kwenye mfereji. Nimevuta behewa la njano, na jeusi likafuata.

Nimekaa nikilitazama kwa muda mrefu. Kulikuwa na mtoto mwenye treni kabla ya 1942. Duka likakosa treni, miaka ikapita. Vita ilipokwisha akapata behewa jipya kabisa, akakimbilia kuliunga, na likakataa kushikana na treni yake. Kampuni ilikuwa imebadilisha kiungio. Yeye, au mkubwa fulani wa nyumba ile, akachukua waya na koleo. Na mifereji haitokani na siku moja. Treni hii ilitembea na waya huu mizunguko mingi sana.

Reli kubwa nazo zilipita njia hiyo, kwa upande wa pili. Mabehewa ya Marekani yaliungwa zamani kwa kipete cha chuma na pini, mfanyakazi akisimama katikati ya behewa na behewa kuiingiza kwa mkono, na wengi walipoteza vidole na maisha. Eli Janney alipata hataza ya kiungio cha ngumi mwaka 1873, na sheria ya mwaka 1893 ikazilazimisha kampuni za reli kutumia viungio vinavyojishika. Behewa jeusi lilikuja na kiungio cha Janney, likarudishwa kwenye kipete kwa sababu ndugu zake hawakuwa nacho.

Nimefuta mstari wa siku ya 2 kuhusu kugawa sanduku. Hii ni seti. Ilikamilika nyumbani kwa mtu badala ya kiwandani, na kipande hiki cha waya kimepata mfuko wake na lebo yake.

Siku ya 14

Tatizo. Behewa jekundu ndilo la mkiani. Likikaa nyuma ya jeusi, linahitaji waya wa pili. Nimechunguza kiungio chake: mistari ile ile ipo, hafifu zaidi. Kulikuwa na waya wa pili na umepotea. Nimepekua kopo, karatasi zote, pembe zote za sanduku. Haupo.

Njia nyepesi ni kuliweka jekundu pembeni. Sikulala vizuri kwa wazo hilo.

Siku ya 16

Nimepinda waya wa pili. Nimetumia shaba nyeupe-njano, rangi yake ionekane mbali, mtu yeyote asije akadhani ni wa zamani. Nimefuata vipimo vya ule wa kwanza isipokuwa mkia, ambao niliufupisha kwa sababu haukuonekana kuwa na kazi.

Reli zimetandazwa, duaradufu moja, misumari yote imenyooshwa. Reli ya katikati nimeisugua mpaka inang'aa. Umeme unaingilia hapo kupitia vigurudumu vilivyo chini ya kichwa na kurudi kupitia reli za nje. Mabehewa nimeyapanga: makaa, tangi, njano, waya wa chuma, jeusi, waya wa shaba, jekundu.

Swichi iligonga. Kichwa kilitetemeka, kikasita kwenye kiungo cha pili cha reli, kisha kikaondoka. Harufu ya mafuta yaliyopata moto na ya cheche ilijaa chumba, na taa ya mbele, ambayo sikuwa nimeigusa kabisa, ikawaka.

Mizunguko 11. Kwenye wa 12, wakati treni ikitoka kwenye kona, waya wa shaba ulichomoka kwenye ngumi na behewa jekundu likabaki peke yake. Waya wa chuma haukusogea.

Nimesimamisha treni, nimepiga magoti na kuisukuma kwa mkono polepole kwenye kona ile ile, nikiangalia nyaya zote mbili. Kwenye kona mabehewa yanakaribiana upande wa ndani, kulabu inalegea, na mkia mrefu unaegemea nyuma ya ngumi na kuizuia isitoke. Hiyo ndiyo kazi yake.

Nimekata shaba nyingine, ndefu zaidi kwa milimita 9.